Kichwa Kilichonyolewa

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Shituru, kutoka India, nilikokuwa mtawa wa Kihindu kwa miaka mitatu, kichwa kimenyolewa. Upumbavu wangu ulikuwa kusahau kwamba kwetu mtoto wa kiume hunyoa hivyo akifiwa na baba. Baba alikuwa zamu kwenye kiwanda cha shaba, na mama hakuwahi kutulia mpaka arudi. Aliponiona mlangoni alidhani habari ya kifo cha baba imenifikia mimi kwanza. Akavua kitambaa cha kichwa, akajitupa chini akilia. Majirani wakaja mbio, wakalia naye. Nikasema hakuna aliyekufa, nikarudia mpaka sauti ikanikauka. Nani asikie?

Mara baba akaingia na nguo zake za kazi. Kilio kikakatika.

"Nani alikufa?" akaniuliza.

"Ni minye, baba, mimi mwenyewe."

Sikuwa natania. Anayeingia utawa ule hujifanyia mazishi yake mwenyewe angali hai, akawaacha wazazi. Nilimweleza hivyo, mbele ya watu wote. Akanipita, akaingia chumbani.

Baadaye niliacha utawa, nikaoa msichana wa Kikula, mtaa wa jirani. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, baba aliniwekea mkono kichwani, akazishika nywele zilizoota tena. Hapo ndipo alipolia.