Nitolee Antena

Tabora mjini kila mtu babu yake alikuwa mkuu wa msafara. Wale waliobeba pembe vichwani kwenda pwani, sijui walikufa bila watoto. Nassibu wa Chemchem ndiye pekee ninayemjua anayesema waziwazi kwamba babu wa babu yake alikuwa mpagazi, "tena wa mizigo mizito." Ndiyo maana nampenda, pamoja na kiburi chake cha kazi.

Kiburi anacho. Ni fundi wa bodi za magari, na sifa yake ni kuziba matundu. Alianza utotoni, akiziba ndoo na makarai pembeni mwa baba yake. Leo akiziba tundu la gari, akapiga puti, msasa na rangi, hata mwenye gari hupapasa asilione. Kasoro yake ni kwamba hapendi kuelezwa kazi. Ukifungua mdomo kufafanua, anakukata: "Nimeshasikia."

Mzee Tobias ni mrina asali wa Ipole, kijiji cha mbali kusini mwa mji, mtu wa maneno machache, mwenye Pijo 404 ya rangi ya maziwa iliyowazidi umri wanawe wote. Binti yake Josepha alikuwa amepata kazi redioni pale mjini, na Ijumaa jioni angesoma taarifa ya habari kwa mara ya kwanza. Mama yake, Apolinaria, haoni tena. Alitaka kitu kimoja tu, kumsikia mwanawe siku hiyo. Lakini Ipole stesheni ile haishiki vizuri. Kwenye simu ni kukwaruza tu. Redio ya Pijo ndiyo huikamata, antena ikiwa imevutwa hadi juu. Na antena yenyewe, ile ya bomba ndani ya bomba, ilikuwa imeshika kutu na kuganda ndani ya madigadi, lile bati la juu ya gurudumu la mbele.

Basi mzee akalileta gari Chemchem kwa Nassibu. Habari za Josepha hakusema. Hakutaka kumtangaza mtoto kabla mtoto hajatangaza.

"Shikamoo mzee," Nassibu akamsalimu.

"Marahaba, fundi. Hiyo antena nitolee. Imekaa ndani siku nyingi, sasa nataka..."

"Nimeshasikia."

Tatizo ni neno lenyewe. Kutoa ni kuvuta kitu kitokeze, na kutoa ni kukiondoa kisiwepo. Mzee alitaka la kwanza. Nassibu, ambaye siku zile vijana walikuwa wakimletea magari ya zamani wakitaka bodi laini isiyo na antena, akasikia la pili.

Akafungua nati, akachomoa waya chini ya dashibodi, akaing'oa antena nzima. Akakata bati kwa umbo la tundu, akalichomelea kidogo kidogo huku akilipoza kwa tambara bichi lisije likapinda, kisha akachanganya rangi mpaka ikafanana na ile iliyochujuka kwa jua. Nilipita pale nikapapasa. Kusema kweli, kazi nzuri kama ile sijamwona akiifanya tena.

Ijumaa mchana mzee akaja. Akalizunguka gari, akasimama kwenye madigadi.

"Antena iko wapi?"

"Si ulisema nikutolee? Ile pale, msumarini."

"Nilisema uitoe nje, Nassibu! Uivute! Sasa mke wangu atamsikiaje mtoto?"

Ndipo akaeleza yote. Nilimwonea huruma. Nassibu alinikasirisha, nikamuuliza, "Sasa umesikia?"

Alichukua drili akaitoboa kazi yake katikati, magamba ya rangi yakimrukia usoni. Roho ilimuuma, asikudanganye mtu. Akailowesha antena kwa mafuta ya taa, akaipasha moto, akaivuta kwa plaizi mpaka ikatoka yote, imepinda kidogo juu. Alipokwisha kuifunga, akapanda gari na mzee, akasema hashuki mpaka mama asikie. Nami nikapanda, maana mambo ya watu hayanipiti.

Ipole tulifika jua linazama. Apolinaria alikuwa amekaa mlangoni, amevaa kitenge chake cha kanisani. Tukamketisha kiti cha mbele. Nassibu akasimama nje, ameishika antena akiielekeza Tabora. Redio ikakwaruza, kisha sauti ikaja safi: "Msomaji wenu ni Josepha Tobias." Mzee akavua kofia. Majirani wakapiga vigelegele, na Nassibu akawakemea kwa mkono uliobaki. Josepha alisoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama.

Taarifa ilipokwisha, sote tulimgeukia mama. Alikuwa amekunja uso.

"Hajala huyo," akasema.

"Mayu, umesikia lakini alivyosoma?" mzee akauliza, akimwita mkewe "mama" kwa Kinyamwezi.

"Nimesikia. Sauti yake ya njaa naijua tangu mchanga. Mtoto hajala."

Tulicheka sana. Yeye hakucheka. Tulilala hapohapo. Alfajiri tulimkuta jikoni anapapasa vyungu, na tulipoondoka alitupa bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, iliyopikwa kwa karanga, limefungwa kwa kitambaa.

Nassibu alilipeleka mwenyewe redioni, nami nikamfuata. Josepha akatoka, akalifungua palepale mlangoni, akatia kipande kinywani kabla hata ya kutusalimu.

"Jana kutwa sikuweza kula kwa woga," akasema. "Nani amewaambia?"

"Mama yako," Nassibu akamjibu. "Amekusikia."