Waya wa Fundi Melkiory

Mpaka leo, mtu mzima wa kijiji cha Nyabiyonza akitaka kumtania fundi Melkiory humuuliza kama ule waya wake umeshapona. Melkiory hucheka, huweka koleo chini na kujibu kwamba bado anautafutia dawa. Akishajibu hivyo huinamia tena kazi yake, na wapita njia hudhani ni aibu. Aibu gani? Inaudhi kusikia watu waliokuja juzi wakisimulia habari hii kana kwamba ni habari ya fundi aliyeshindwa kazi.

Ilianza na redio ya baba yake. Mzee Ndyamukama aliinunua mwaka wa sabini na nane, kahawa ilipolipa vizuri, na kabla hajamaliza kuringa nayo vita vya Kagera vikazuka huko mpakani. Majirani wakahamia uani kwake kila jioni kusikiliza adui amefika wapi. Vita vikaisha, watu hawakuondoka. Harerimana, ambaye wazazi wake walimleta kutoka Rwanda akiwa kijana na sasa kibanja chake cha migomba kilipakana na cha mzee, alikuja na kigoda chake mwenyewe. Placidia, mjane wa upande wa bondeni, alikuja na ungo wa maharage ili mikono isikae bure. Mzee aliwapangia pa kukaa, nani karibu na nani, na ole wake aliyebadilisha.

Redio yenyewe ilikuwa nusu tu ya kilichowaleta. Redio ilisema Kiswahili cha Dar es Salaam, chenye maneno marefu, na Kiswahili cha Placidia kiliishia kwenye shikamoo na bei ya chumvi. Mzee Ndyamukama alikuwa amefanya kazi ujanani kwenye maghala ya kahawa Bukoba, kwa hiyo yeye ndiye aliyewafasiria kwa Kinyambo, lugha ya nyumbani. Taabu ni kwamba mtangazaji hakumngoja. Mzee akiwa bado kwenye habari ya kwanza, redio ilikuwa imefika ya nne, na zile zilizompita alizijaza kwa akili yake. Ndiyo maana uani kwake kila waziri aliyekwenda kufungua daraja aliteleza matopeni aliposhuka kwenye gari, na kila mvua iliyotabiriwa pwani ilikuwa njiani kuja Nyabiyonza. Watu walijua anatia chumvi. Walikuja kwa ajili ya chumvi hiyo.

Melkiory, mwanawe wa tatu, alikuwa mtu wa maneno machache. Alijifunza ufundi kwa kuiharibu redio ya baba yake na kuitengeneza kabla mzee hajarudi kutoka shambani. Alipooa na kujenga hapohapo nyumbani, wenye redio walianza kumletea kutoka Ndama mpaka Songambele. Miaka ya themanini inaelekea ukingoni akapata redio kaseti kutoka kwa wachuuzi wa kivuko cha Murongo. Ilifika nusu mfu. Aliifumua yote akaibadili matumbo mpaka aliyeiunda asingeitambua. Aliifunga na saa ya mezani ya kengele, na kengele ilipotaka kulia, badala ya kulia iliiwasha redio na kuanza kunasa. Basi taarifa ya habari ya mchana ilijinasa yenyewe ndani ya kaseti wakati watu wote wako chini ya migomba, na jioni, kila mtu ameshanawa miguu, wakaisikiliza kwa raha. Watu walikuja kutoka mbali kuona chombo kinachofanya kazi mwenye nacho akiwa shambani.

Angeishia hapo. Lakini fundi akishasifiwa, mikono humwasha. Jeshi lilikuwa limeacha waya mweusi wa simu za vitani, watu wakaugeuza kamba za mbuzi na za kuanikia nguo. Melkiory alikizunguka kijiji akiuomba kipande kwa kipande, akauunga, akaupitisha juu ya migomba kutoka nyumba hadi nyumba. Kila nyumba alitundika spika ndogo aliyoitoa kwenye redio zilizokufa, ndani ya kisanduku cha mbao. Hakumtoza mtu chochote. Aliwaza Placidia anavyopanda kile kilima masika yote na matope yake, akaona anamfanyia jambo jema, na kweli lilikuwa jema.

Jioni ya kwanza waya uliimba kila nyumba. Majirani walimsifu Melkiory, wengine wakamletea ndizi. Uani kwa Mzee Ndyamukama hakukuwa na mtu.

Wakati huo miguu ya mzee ilikuwa imeshakufa, hatoki tena kwenye kiti chake bila kubebwa. Alikaa ameelekea njia, na viti vyote vimepangwa kama kawaida. Melkiory akamtundikia kisanduku chake karibu kabisa na sikio, cha mbao nzuri kuliko vyote. Mzee alikisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mwanawe.

"Hiki kinaniambia mimi," alisema. "Mimi nimwambie nani?"

Melkiory alikaza msumari wa kisanduku. Alijipa moyo kwamba watu watarudi wakishazoea. Hawakurudi. Mzee aliacha kuuliza habari, akaanza kutaka aingizwe ndani jua likiwa bado juu, na chakula akawa anakigusa tu. Kokuhirwa, mke wa Melkiory, ambaye hakuzaliwa na subira ya kuzungukazunguka maneno, alimwambia mumewe kwamba baba anakauka kama kahawa kwenye kichanja na yeye anachezea misumari. Melkiory aliumia. Hasira yake aliielekeza kwa majirani: watu wamekula kwa baba yake na kunywa rubisi yake ya ndizi miaka yote, leo wamepata redio ya bure wamemsahau. Alikuwa ameazimia kwenda kwa Harerimana kumwambia hivyo usoni.

Kilichomzuia ni kosa lake mwenyewe. Siku moja, akiharakishwa na mteja wa Ndama, aliuchomeka waya wa majirani kwenye tundu la kunasia sauti. Saa ikafanya kazi yake. Jioni alipoijaribu kaseti kabla ya kuwarushia watu, hakukuwa na taarifa ya habari. Kulikuwa na kuku, mchi kwenye kinu, mtoto analia. Alishangaa kwanza, halafu akakumbuka kitu ambacho kila fundi wa redio anakijua na hukisahau: spika ukiifunga kinyume, husikia. Visanduku vyake vyote vilikuwa vimekaa vikiwasikiliza wenye nyumba.

Aliona haya, akanyoosha mkono azime. Ndipo akasikia sauti ya Placidia, na ya Harerimana aliyekuwa amekwenda kumtengenezea mlango. Placidia alikuwa akilalamika kwa Kinyambo kwamba kile kisanduku kinasema vizuri sana lakini hakifafanui. Tangu kitundikwe hajui tena dunia inakwendaje, na amemkumbuka mzee mpaka anamwota. Harerimana akamuuliza kwa nini asiende kumsalimu.

"Nitakwendaje?" alisema Placidia. "Kijana wa watu amejichosha kuniletea redio mpaka kitandani, bila kunidai. Nikipanda kilima nitamwambia zawadi yake haifai? Au waseme nimefuata rubisi?"

Harerimana alisema na yeye ndivyo alivyofikiri. Kigoda chake kilikuwa mlangoni, kila jioni alikishika, kisha akakiweka chini tena.

Melkiory alikaa na mashine yake magotini. Alijiona mpumbavu na wakati huohuo alitaka kucheka, kwa sababu watu wote hawa walikuwa wakitaka kitu kimoja na adabu ndiyo iliyowafunga miguu. Aliifuta kaseti ile. Mpaka leo wenyewe hawajui walisikika, na Kokuhirwa peke yake ndiye aliyeambiwa, nami nilizipata kwake. Angeweza kwenda kuwaambia waje. Lakini mwenye adabu ya namna ile ukimwita huja siku moja, kwa heshima yako, kisha hubaki kwake. Walihitaji sababu ambayo si zawadi iliyokataliwa wala rubisi.

Kesho yake alichukua ngazi, akapanda mpaka chini ya bati mahali waya ulipotokea upande wa njia, akaukata.

Jioni hiyo hiyo Harerimana alifika na kigoda mkononi, akisema amekuja tu kuuliza waya umepatwa na nini. Placidia alifuata na ungo wake, akihema. Melkiory aliwaambia kwamba waya umeoza mahali, hajui wapi, na mpaka apajue ni afadhali wasikilize hapahapa. Mzee aliwatazama wakikaa. Placidia alikuwa amekaa mahali pasipo pake, na mzee akamhamisha kwa sauti ambayo haikuwa imesikika mwezi mzima. Kokuhirwa aliingia jikoni upesi, akasema moshi umemwingia machoni.

Kwa furaha ile Melkiory akafanya kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Alichukua kamba ya breki ya baiskeli, ncha moja akaifunga kwenye kitufe cha kusimamishia kaseti, ncha nyingine kwenye mkono wa kiti cha baba yake. Mzee akiivuta, mtangazaji ananyamaza palepale, neno limekatika kinywani. Akiiachia, anaendelea. Miaka yote ile mtangazaji alikuwa akimkimbia. Sasa alingoja kama mtoto aliyetumwa. Mzee Ndyamukama alivuta, akafasiri, akaongeza, akapokea maswali, akanywa funda moja la rubisi, na Dar es Salaam nzima ikawa imesimama inamsubiri. Taarifa ya dakika chache ilichukua jioni nzima. Hakuna mfalme aliyewahi kukaa kwenye kiti kwa raha ile.

Waya haukupona. Kila siku chache Melkiory alipanda ngazi mbele ya watu, akazungusha koleo pale juu, akashuka akitikisa kichwa. Utani ukaanza. Wakasema fundi ameshindwa na kamba za mbuzi. Maneno hayo yakasafiri, na fundi jina lake ndilo shamba lake. Parokia moja ya huko Kyerwa ilikuwa imemwahidi kazi ya kufunga vipaza sauti kwenye kanisa jipya, kazi aliyoiota tangu ujana. Wazee wa kanisa waliposikia kwamba waya wa nyumba chache tu umemshinda, wakampa fundi mwingine. Siku ya habari hiyo Melkiory hakula. Alikwenda akaishika ngazi, na Kokuhirwa akasimama mlangoni akamwangalia. Kazi ya dakika moja, waya uunganike, jina lirudi. Uani baba yake alikuwa anacheka na Harerimana juu ya jambo fulani. Melkiory aliiegemeza ngazi ukutani akaenda kukaa nao.

Miaka ikapita hivyo. Kahawa ilipanda na kushuka, siasa ikabadilika, vyama vikawa vingi, na yote hayo Placidia aliyapata kwa Kinyambo kutoka kwenye kiti kile, yakiwa na chumvi ya kutosha. Kisha mzee akaanguka kitandani, asiweze tena kukaa. Mchana mmoja Melkiory alikuwa akimlisha uji, na mzee akakisukuma kijiko pembeni.

"Melkiory. Koleo lako halijawahi kugusa ule waya."

"Tata?" aliitika mwanawe.

"Unapanda, unalizungusha hewani, unashuka. Kiti changu kinatazama pale pale. Iliyokufa ni miguu, si macho." Alipumzika kidogo. "Nilisikia na habari ya kanisa. Sikukwambia asante kwa sababu ningekwambia, ungeona aibu ukautengeneza."

Melkiory alitazama uji. Alitaka kusema kwamba haikuwa kitu, lakini ilikuwa kitu, na wote wawili walijua.

"Usiutengeneze hata nikienda," alisema mzee. "Placidia hasikii Kiswahili."

Alizikwa kibanjani, karibu na migomba aliyoipanda mwenyewe. Matanga yalipokwisha, Melkiory alidhani uani kutakuwa kweupe. Jioni Harerimana alikuja na kigoda. Placidia alikuja na ungo, sasa amepinda kabisa, akakaa mahali pake. Kaseti ikaanza, Kiswahili kile kirefu kikamwagika, na hapakuwa na wa kukifasiri. Placidia aliacha kuchambua maharage. Alikitazama kiti kitupu, kisha akamtazama Melkiory.

Melkiory hakuwahi kusema mbele ya watu maisha yake yote. Alikwenda akakaa kwenye kiti cha baba yake, akaivuta kamba ya breki. Mtangazaji akanyamaza. Alifasiri kwa Kinyambo kwamba waziri amekwenda mkoa fulani kufungua daraja, watu wengi walimpokea, basi.

"Ni hayo tu?" aliuliza Placidia.

Melkiory alifikiri kidogo. Halafu akasema kwamba waziri huyo, aliposhuka kwenye gari, aliteleza matopeni. Harerimana alianza kucheka, Placidia akafuata huku anajifuta macho kwa ncha ya kanga, na Melkiory akaiachia kamba.