Mwaka Walipochukua Filimbi

Kaka yangu alikuwa askari wa lango la pwani kwenye hoteli moja kule Bofa, nami nilifua mashuka hapo hapo. Miaka ile ya themanini askari wa malango, wengi wao watu wa kwetu Tezo, walipashana habari kwa filimbi. Wa lango la juu akimshuku mtu hupuliza, wa kati akaipokea, akaipeleka mbele mpaka pwani. Watalii wakalalamika kwamba wanakatizwa usingizi wa mchana. Kwani kwao hakuna vitanda?

Meneja mpya akazikusanya filimbi, akagawa redio za mkononi. Kila askari atoe taarifa kwa karani mmoja ofisini, naye aziandike zote mahali pamoja. Askari kusemeshana wenyewe kwa wenyewe, marufuku; kila redio ilisikika ofisini tu. Kaka aliipenda redio yake kupita kiasi. Hata mama akimwita kula nyumbani, alimjibu, "Nimekupata, nimekupata!" Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Alasiri moja ya masika, mvua inamwagika, askari wa lango la juu aliona wanaume wameruka ua na mapanga. Akatoa taarifa. Karani akajibu imepokelewa, akaandika. Wa lango la kati akawaona wakiteremka pwani, naye akatoa taarifa. Imepokelewa, ikaandikwa. Karani hakuwa mtu mbaya. Aliambiwa apokee, hakuambiwa ampashe nani. Wale watu walimkuta kaka amewapa mgongo, anafunga madirisha ya baa mvua isiingie. Alikata roho njiani kupelekwa hospitali.

Moyo unaniuma mpaka leo, na hasira haijanitoka. Kaka alikuwa na miguu myepesi. Angepata habari mapema angekimbia, na walevi wangekunywa maji ya mvua.

Meneja alikuja matangani. Alikuwa na huzuni ya kweli, simnyimi haki yake. Akasema kwa Kizungu kwamba mama asidhani kuna aliyezembea, taarifa zote zilifika salama. Mkalimani nilikuwa mimi.

"Mama, anasema taarifa zote zilifika."

"Zilifika wapi?"

Nikamuuliza bwana yule, akanijibu.

"Ofisini, mama."

Mama alimtazama, kisha akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Na mwanangu alikuwa ofisini?"