Bunge Lililofutwa Kwenye Programu ya Mazishi

Baba aliniomba kitu kimoja tu kabla hajafa: siku ya mazishi yake isomwe kwamba aliwahi kuwa mjumbe wa Bunge la Jimbo, hapa hapa Kisumu, kabla ya uhuru. Bunge lenyewe halikudumu. Serikali mpya ililivunja, watu wakalisahau, naye akarudi kufundisha darasa la nne.

Mwakilishi wetu wa wadi kwenye bunge la kaunti akajitolea kutuchapishia programu za mazishi. Nikamkubalia, mjinga mimi. Zilipofika asubuhi ya maombi, nyumbani Kaloleni, picha yake mwenyewe ilijaa ukurasa wa nyuma, kubwa kuliko ya marehemu. Nikatafuta Bunge la Jimbo. Wapi! "Mwalimu mstaafu," basi.

Nikamfuata hemani. "Bwana, mbona mmetoa maneno ya Mzee?"

"Pole, Mama. Vijana wa ofisi waliona ni makosa. Bunge huku ilianza na kaunti. Sisi ndio wa kwanza."

Wa kwanza! Yawa, jamani! Mtu wa juzi anamfuta baba yangu mbele ya jeneza lake, halafu ananipigapiga begani!

Nikaingia chumbani kwa baba, nikatoa bahasha aliyoitunza miaka yote. Zamu ya familia ilipofika nikashika maikrofoni. "Hiyo programu sisomi," nikasema. "Nasoma hii."

Ilikuwa hoja yake bungeni, imepigwa taipu, karatasi imegeuka rangi ya chai. Alisema mitaro ya Kaloleni ni midogo, mvua ikinyesha maji machafu yanaingia hadi jikoni kwa watu, na ijengwe upya kabla ya mvua nyingine. Chini aliandika kwa mkono: wajumbe wote wameunga mkono.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Kila aliyeketi pale alikuwa ameruka mtaro huo huo kuingia kwetu, na jeneza lilipitishwa juu ya mbao, wabebaji wakiwa na matope hadi magotini.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "hoja ilipita. Bado tunangoja. Wewe si ndiye wa kwanza? Anza na hii."

Akainama kufuta matope kwenye viatu vyake. Sisi tukambeba baba, tukampitisha tena juu ya zile mbao, tukaenda kumzika kijijini kwetu, Awasi.