Vitabu Ambavyo Mkutubi Hakuvisoma

Kila mwaka, joto linapokaribia na shule kujiandaa kufungwa, mkutubi alitakiwa kubandika mlangoni orodha ya vitabu vya kusoma likizo. Viwe kumi na viwili, vya kila aina: mapenzi, upelelezi, safari, historia, mashairi, na kimoja cha afya, maana mkuu wa maktaba aliamini watu wakipumzika ndipo wanapokumbuka kuwa wana moyo na figo.

Zamani kazi hiyo aliipenda. Alikuwa msomaji wa kupindukia, wa kusoma huku akipika mpaka sufuria ziungue. Lakini miaka mitatu iliyopita dada yake mkubwa alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala, naye hakuwa na mtu mwingine ila mdogo wake huyo. Tangu hapo mkutubi aliamka alfajiri kumwosha, kumgeuza na kumlisha, akaenda kazini, mchana akakimbia nyumbani kubadilisha shuka, akarudi kazini, jioni akaanza upya. Akifungua kitabu, ukurasa wa pili haufiki, kidevu kiko kifuani.

Orodha nayo haina huruma. Basi akawa anageuza kitabu, anasoma maneno ya jalada la nyuma, anayapamba kidogo, anabandika. Mwaka wa kwanza aliona haya. Wa pili, kidogo. Wa tatu alishazoea, na mazoea yana taabu.

Jumatano moja, orodha ya mwaka wa nne ikidaiwa Ijumaa, aliingia seremala mstaafu, mzee wa vidole vinene ambaye tangu aache randa hakuwa na kazi ila kusoma. Akaweka kitabu cha upelelezi mezani.

"Mwanangu, hiki ulikisifia wewe."

"Ndiyo, mzee. Umekipenda?"

"Uliandika mwisho wake utaniacha mdomo wazi."

"Ee."

"Mwisho wenyewe uko wapi?"

Akafungua nyuma. Kurasa ishirini na kitu zilikuwa zimechanwa, yamebaki meno meno tu, nayo yameshashika vumbi la miaka.

"Nimekaa siku nne na watu sita wanaoshukiwa," seremala akasema, "halafu sijui nimkamate nani."

Mkutubi alitaka kusema ni panya, ni watu wasio na adabu. Mdomo ukafunguka, uongo ukakataa kutoka. Hata kudanganya kulimchosha.

"Sijakisoma, mzee. Sijamaliza kitabu miaka mitatu." Akamweleza habari za dada yake kwa maneno machache, macho yameinama kwenye mihuri ya vitabu mezani.

Seremala alikuna kichwa. "Mimi niliwahi kuuza kabati lenye mguu mfupi, nikalipachika kikaratasi chini. Aliyelinunua hakujua. Lakini mtaa ule nikawa naukwepa mpaka leo." Akavaa kofia yake. "Andika ulichokisoma. Hata kama ni nusu."

Jioni, akimlisha dada yake supu, alimsimulia yote. Dada akacheka kwa upande mmoja wa uso.

"Na mimi," akasema kwa ulimi mzito, "unaniacha nihesabu mbao za dari miaka mitatu, na wewe unafanya kazi maktaba?"

Neno hilo lilimchoma mkutubi. Alimwosha, alimgeuza, alimpa dawa kwa saa. Kumuuliza kama amechoka kukaa bure, hakuwahi hata siku moja.

"Nisamehe, dada."

"Usinililie hapa. Nisomee."

Akatoa mkobani kitabu cha safari, cha mwanamke aliyevuka jangwa na punda mwenye kiburi. Alisoma kurasa kumi na moja kwa sauti. Kwenye wa kumi na mbili akalala vile vile amekaa. Dada alimwita mara tatu, kisha akamwacha.

Orodha ya Ijumaa ilikuwa na vitabu vitano tu. Cha mapenzi: "Nilikisoma nikiwa na miaka ishirini, nikalia. Sijui kama ningelia leo." Cha historia: "Kizito kama jiwe, ila sura ya waliojenga reli sijaisahau." Cha mashairi: "Huwa nasoma shairi moja nikisubiri maji yachemke. Linatosha." Cha upelelezi: "Nakala yetu haina mwisho. Chukua kama una uvumilivu." Cha safari: "Nimefika ukurasa wa kumi na mbili. Usingizi ulikuwa wangu, si kosa la kitabu."

Mkuu wa maktaba, ambaye kwa umri mkutubi angeweza kumzaa, alimwita ofisini. "Mama, hii ni orodha au ni maungamo?"

"Vingine sijavisoma, mkuu."

"Watu wanataka kutiwa hamu."

"Hamu sina. Nimechoka."

Alishangaa kulisikia neno hilo likimtoka. Mkuu alifungua faili la mkutubi, akapekua. "Hujachukua likizo tangu lini?"

"Tangu dada augue. Niende likizo wapi?"

Mkuu alilifunga faili. Akasema orodha ibaki, na kwamba msimu wa likizo, maktaba ikiwa na watu wachache, awe anaondoka saa tisa.

Haukuwa muujiza. Mashuka yalikuwa yale yale, na mgongo uliuma pale pale. Lakini kila alasiri, kabla ya supu, walisoma. Safari ya punda waliimaliza kwa siku kumi na tisa. Cha mapenzi dada alikikataa sura ya pili, akisema mwanamume yule hafai hata kufunguliwa mlango. Mkutubi akatafuta penseli, akayaandika maneno hayo ayaongeze kwenye orodha ya mlangoni.