Lifti Iliyopanda Bila Kuitwa

Siku yangu ya kwanza kazini Birmingham nilipandishwa ngazi za ghorofa kumi na mbili kwa miguu, mkoba wa spana begani. Nilikuwa nimetengeneza lifti Nairobi kwa miaka mingi, lakini msimamizi wa eneo, Mwingereza mzee asiyecheka, hakujali. Alinifikisha chumba cha mashine, kilicho juu kabisa ya jengo, akaweka kidole kwenye breki.

"Yusuf, kila kitu kingine hapa kinasogeza watu," akasema. "Hiki peke yake ndicho kinachowashika."

Alipostaafu tuliletewa meneja wa huduma, kijana mwenye haraka, aliyetuongoza kwa simu kutoka ofisini. Ilikuwa miaka ile barabara zikichimbwa kupeleka tramu Edgbaston, nami nilibakiza miaka michache nistaafu. Nilihudumia majengo ya halmashauri upande wa Bordesley Green pamoja na mwenzangu Gurdeep, Singasinga wa Handsworth, mtu mpole na mwepesi wa ngazi.

Katika jengo mojawapo niliona mafuta yanavuja kutoka gia ya mashine, tone moja moja, karibu na breki. Breki ikipata mafuta huteleza. Nilizima lifti, nikampigia meneja.

"Kuna wazee humo na akina mama wenye vigari vya watoto," akaniambia. "Futa mafuta, washa lifti. Vipuri vinakuja wiki ijayo."

Nilijua jibu sahihi. Sikulitoa. Nilifuta, nikawasha, nikaandika uvujaji ule kwenye kitabu cha mashine, na kwa siku nne sikulala vizuri.

Siku ya tano, saa kumi jioni, simu ililia. Lifti ile ilikuwa inapanda yenyewe, kidogo kidogo.

Hapa lazima nieleze kidogo. Watu hudhani lifti ikiharibika itaanguka. Lakini upande wa pili wa kamba zake za chuma huning'inia chuma kizito cha kusawazisha, kizito kuliko lifti yenye mtu mmoja. Breki ikilegea, chuma kile hushuka na lifti huvutwa juu, kuelekea dari la zege. Mashine ile ya zamani ilikuwa na kinga ya kuizuia isianguke. Ya kuizuia isipande haikuwa nayo.

Tulipofika, mama mmoja wa Kikongo alikuwa anapiga mlango wa lifti kwa viganja. "Papa, mutoto wangu iko ndani! Neema iko ndani, ye peke yake!"

Taa ilionyesha lifti imepita ya tisa, hivyo Gurdeep alichukua ufunguo wa milango akakimbilia ghorofa ya kumi, mama nyuma yake. Mimi nikapanda hadi chumba cha mashine. Ngazi za mwisho nilizipanda nikishika ukuta. Nilizima umeme. Breki ilikuwa inang'aa mafuta, na gurudumu la mashine lilikuwa bado linajizungusha, polepole sana, kama kinavyozunguka kitu kisicho na haraka. Nililidaka kwa mikono miwili, nikaegemea kwa kifua. Likasimama.

Kwa kiwiko nilibonyeza simu ya ndani. "Neema, mimi ni fundi. Unanisikia?"

"Yes." Alikuwa analia. "Is it going to fall?"

Ningeweza kumdanganya. "Haianguki, binti yangu. Inavutwa juu. Nimeishika."

Kisha, kwa Kiswahili cha kwao, akauliza, "Juu? Kwa nini juu?"

Nikamweleza habari za chuma cha kusawazisha, jasho likiniingia machoni. Alikuwa anavuta kamasi, lakini alikuwa anasikiliza. Akauliza, "Kama tungekuwa watu mingi, ingeshuka?"

Nimefanya kazi na mafundi waliochukua mwaka mzima kuliuliza swali hilo.

"Ndiyo," nikasema. "Sasa nyamaza kidogo, nakuleta mlangoni."

Nililegeza gurudumu inchi kwa inchi, nikitazama alama za rangi kwenye kamba zinazoonyesha ghorofa. Alama ya kumi ilipofika nikakaza. Gurdeep akapaza sauti kutoka chini, "Nafungua!" Hizo ndizo sekunde ninazoziota mpaka leo. Mtoto alikuwa anavuka kizingiti, na kama mikono yangu ingeteleza, lifti ingembana kati ya sakafu yake na fremu ya mlango. Nilisoma Fatiha nikaikosea katikati. Kisha nikamsikia mama anapiga kelele ya furaha, nami nisiweze kuachia gurudumu. Gurdeep alipanda, akalifunga kwa mnyororo, akanibandua vidole kimoja kimoja.

Kesho yake meneja aliniita. "Andika kwamba mafuta hayakuonekana kabla."

"Niliyaona mimi. Na aliyewasha lifti ni mimi."

"Utajiharibia kazi."

"Najua."

Niliandika hivyo hivyo kwenye ripoti, agizo lake na kosa langu. Mkaguzi wa serikali alikuja, akafunga lifti ile na nyingine mbili. Meneja aliondolewa. Mimi nilipewa onyo kali, na nilistahili.

Wakati mashine mpya inawekwa, Neema, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alikuja na daftari. Kwa wiki mbili alikuwa akitumia ngazi tu, hata akibeba maji ya kunywa ya mama yake. Mama alisimama nyuma yake amekunja uso. "Hii kitu ilitaka kuua ye, na sasa anataka kuiangalia!"

"Nikiijua, nitajua ni lini niiogope," Neema akamjibu.

Niliomba ruhusa ofisini, nikamwonyesha breki, mlango ukiwa wazi na mama amemshika koti. Aliichora yote. Mwaka niliostaafu, alianza mafunzo ya ufundi wa mitambo chuoni.

Kwa hiyo vijana wakiniuliza nini humvuta mtu kwenye uinjinia, nawajibu nilichokiona kwa yule mmoja: alitishwa, akataka kujua kilichomtisha. Sijui kama wengine ni hivyo. Juzi Neema alinipigia simu. Sasa naye ni fundi wa lifti; kampuni imempeleka kwenye jengo la zamani, na bosi wake anataka awashe mashine ambayo yeye haiamini.

"Nimekataa," akasema. "Nimekosea, Babu?"

Nilikaa chini kwanza.

"Hapana," nikamwambia. "Umefanya nilichoshindwa mimi."