Moto wa Sebuleni kwa Verna

Fundi anavua buti mlangoni, anapiga magoti sebuleni kwa Verna mbele ya meko kuukuu ya gesi ya kuotea moto, anavitoa vigogo vyake vya udongo, vinavyoiga kuni, kwa vidole vinene, taratibu, kama anayebeba mayai. Leo theluji ya kwanza ya Winnipeg inaanguka, na kioo cha meko ni masizi matupu. Ikigoma kuwaka, mwanawe Verna ameapa ataing'oa.

"Mama, umevipanga upya vigogo?" fundi anamuuliza Verna.

"Nimevipendezesha kidogo tu!"

"Umeukaba moto koo!"

Anasugua, anarudisha kila kigogo mahali pake, anapuliza kibomba cha kiwashio. Buibui mkavu anaruka nje. Anabonyeza. Puu! Moto wa buluu unatambaa, unageuka dhahabu. Verna anaruka kwa furaha. Fundi, aliyezeekea kazi hii, bado amepiga magoti, mdomo wazi.

"Mama," ananong'ona, "nizime, niwashe tena?"